Kidoa cha Bega la Kushoto

Kazi yangu ni kufuta.
Ghorofa ya tatu, nyuma ya stesheni ya Brno,
dirisha ambalo halijaona jua tangu Novemba.
Wanawake naletewa usiku, ndani ya faili,
asubuhi wanaondoka hawana hata malaika wa mikononi.

Kizuri chajiuza, husema watu
ambao hawajawahi kulipwa kwa saa
kukisaidia kujiuza.

Nimepunguza viuno kwa kidole kimoja,
mkono wa pili umeshika mkate wa siagi.
Kuna paja nililikwangua, nikalikwangua,
hadi likakosa goti.
Radovan akacheka hadi machozi: rudisha goti,
wateja watauliza.
Nikalirudisha goti.
Mengine yote wateja hawakuyauliza.

Februari akaja namba 0417.
Krimu ya mwili, kwa mwanamke aliyekomaa,
na agizo chini yake: asionekane amekomaa.
Nilikaa naye siku nne.
Daktari wake hamjui nilivyomjua mimi:
mfuo wa kamba za sidiria,
mishipa ya buluu nyuma ya magoti,
kovu la uzazi lililopinda upande mmoja
kana kwamba simu iliita na mshonaji akageuka,
na begani, kushoto, kidoa cheusi
chenye unywele mmoja, mrefu, mkaidi.
Unywele ule niliuacha wa mwisho. Sijui kwa nini.
Ijumaa, saa kumi na moja jioni, nao ukaenda.

Wakambandika kituoni kwetu, urefu wa mita tatu,
taa mgongoni, theluji miguuni.
Hata baridi hakuhisi, nilihakikisha:
vipele vya baridi nilivifuta Jumatano.

Binti yangu Vendula, miaka kumi na mmoja,
kila asubuhi alingoja tramu chini yake.
Siku moja akabana tumbo lake juu ya koti,
kwa vidole viwili,
kama fundi anayepima kitambaa kabla ya kukata.
Mama, yeye alifanyaje?
Nikasema: tramu hiyo, inakuja.
Haikuwa inakuja.

Usiku ule hakumaliza viazi vyake.
Nilivila mimi, vimepoa, nimesimama kwenye sinki.

Juni, joto limetuangukia kama blanketi,
alikuja mwanamke na mfuko wa cheri na kitunguu,
gauni la kamba, viatu vya daktari.
Akajiegemeza kwenye kioo, chini ya yeye mwenyewe.
Nilitambua kidoa kwanza.
Unywele ulikuwa umerudi. Au haukuwahi kuondoka,
ni mimi niliyeondoka nao.

Wasichana wawili wakaja na simu zao,
wakitaka kupiga picha na yule wa ukutani.
Samahani, mama, unatuzibia.
Akasogea.
Hatua mbili, hata hakukasirika,
alisogea kama mtu aliyezoea kusogea,
akatema kokwa ya cheri kiganjani.

Nilitaka kusema kitu. Lakini unaanzaje?
Habari za mchana, mimi ndiye niliyekufuta?
Yeye ndiye aliyeanza: namba nane imepita?
Bado, nikasema, na ulimi wangu ukawa mzito
kama wa mwizi anayeulizwa njia na mwenye nyumba.

Vendula alikuwa akitazama bega. Ukuta. Bega.
Mtoto hajafundishwa bado kutoona.
Huyu ana kidoa, akasema, kwa sauti. Yule hana.

Mwanamke akacheka, meno yamewiva wekundu wa cheri.
Hata siku ile nilikuwa nacho, akasema.
Nakumbuka, taa zilikuwa na moto, kikawa kinawasha.

Kwa hiyo kimeenda wapi?

Hakumuuliza yeye. Aliniuliza mimi.
Nikageuka kutazama reli,
huku na huku, hadi kwenye kona,
na hapakuwa na tramu yoyote.