Hatifungani

Swali lilikuwa refu kuliko foleni ya Alhamisi,
siku bomba la Kariobangi linapokohoa:
*Je, unakubali kaunti ikope kwa umma,
kwa hatifungani ya miaka ishirini na mitano,
ili kulaza mabomba mapya…*
Nikasoma mara mbili.
Kalamu ilikuwa imefungwa kamba ya katani
kama mbuzi wa kuuzwa.

Mimi nauza maji.
Mtungi wa lita ishirini, shilingi ishirini;
bomba likikauka, hamsini, na simwombi mtu radhi.
Miaka kumi na moja kiu ya mtaa huu
imemsomesha Mutheu hadi kidato cha nne,
ikaezeka nyumba ya mama kule Mwala.
Leo naulizwa kama nataka ife.

Juzi Onsongo, fundi wa mabomba,
alinieleza: hatifungani ni karatasi tu,
unaikopesha serikali, inakurudishia na riba.
Na riba inatoka wapi?
Akacheka. "Kwako. Kwenye bili."
Kumbe nitajikopesha, nijidai, nijilipe,
na katikati ameketi mtu mwenye kiyoyozi
na ndoo inayovuja.

Mtaro wao wa mwaka wa mafuriko ninaujua.
Waliweka bango, waliweka utepe, wakaukata.
Maji hawakuweka.
Watoto huchezea gololi humo.

Basi kidole kilikuwa kinaelekea HAPANA
nilipoitwa kibanda cha pili.
Bi. Kwamboka amesahau miwani,
anaruhusiwa msaidizi, amenitaja mimi.
Kwamboka yumo daftarini mwangu: mia nane na arobaini.
Wiki mjukuu wake alipoharisha
alinunua mitungi mitatu kwa siku,
kwa hamsini, bei niliyomtajia
nikitazama pembeni.
Hajawahi kunikumbusha.

"Linasemaje hili swali?"

Nikatafuta maneno mafupi.
"Linauliza kama tudaiwe sote pamoja,
badala ya wewe kudaiwa na mimi."

Akanyamaza. Akanitazama kwa muda,
kisha akaomba nimwoneshe mahali pa NDIYO.

Nikarudi kwenye karatasi yangu.
Nilichoandika ni siri, sheria inasema hivyo,
na Onsongo ameshachoka kuniuliza.

Jioni nilisugua kidole kwa maji ya kuuza.
Wino haukutoka.
Shilingi tano nzima ikanywewa na mchanga
mlangoni pangu.