Si Huyu, Si Yule

Saa kumi usiku, jiko limekufa tena.
Nalijua kwa pua kabla ya macho:
baridi ya Ulaanbaatar inanuka chuma.
Mmoja analia. Yupi?

Enebish, yaani si huyu.
Terbish, yaani si yule.
Ndiyo majina yao, usicheke.
Mama mkwe, Handsuren, ndiye aliyewapa
siku walipotoka hospitali, wembamba kama mishumaa,
akawapaka masizi kwenye paji la uso
ili pepo akija kubisha na orodha yake
aambiwe si huyu, aambiwe si yule,
asonye, aende zake.
Pepo sijamwona.
Aliyepotea hapa ni mimi.

Nimemnyonyesha huyu? Si huyu.
Basi yule? Si yule.
Basi ni nani aliyenikamua hata mgongo ukaniita jina?
Nina daftari: saa, titi, upande.
Jana wino uliganda kalamuni.

Nawasha jiko kwa mkono mmoja,
mkono wa pili una mtu.
Mkono wa tatu, ule Mbingu iliosahau kunipa,
ndio ungetia chumvi kwenye chai,
ndio ungenikuna hapa, chini ya bega.

Bathuyag yuko kusini na lori la makaa,
foleni ya mpakani, siku ya nne.
Hupiga simu. Wanangu hawajambo?
Hawajambo.
Na wewe
na hapo mtandao hukatika,
kila mara hapo hapo, kama umelipwa.

Maji yako kibandani, hatua mia mbili na kumi na mbili.
Kurudi ni nyingi zaidi, dumu huzaa hatua.
Nawaviringisha pamba, nawafunga kamba ya sufi
kama vifurushi vya posta vya kwenda mbali,
nawalaza kando ya jiko, si karibu, si mbali,
nakomea mlango, nakimbia.
Barafu haimjui mzazi.
Hatua ya mia, nasikia kilio.
Hatua ya mia na arobaini, vilio viwili.
Ni mbwa, Uranchimeg, asema Dulmaa wa maji, ni mbwa tu,
na foleni nzima inanipisha, midomo ndani ya skafu,
bila neno.
Narudi mbio, maji yakinimwagikia buti na kuwa kioo.
Wamelala. Wote wawili.
Wamelala kama watu waliolipa kodi.

Kliniki wiki jana: mmoja kaongeza gramu mia mbili,
mwenzake kapungua hamsini.
Nesi alinitazama juu ya miwani.
Sikumwambia habari ya wino.
Nilirudi nyumbani na hizo gramu hamsini
nimezibeba miye, nzito kuliko dumu.

Halafu Jumanne.
Uzi mwekundu niliomfunga Enebish kifundoni
niliukuta unaelea kwenye beseni.
Vifundo vinne vitupu, vyekundu kwa maji ya moto,
na watu wawili wakinitazama
kama mahakama.
Nikamfunga aliyepiga chafya kwanza.

Kwa hiyo huenda tangu Jumanne
Enebish ni Terbish.
Sijamwambia mtu. Handsuren angepiga makofi:
ikiwa aliyewabeba hajui,
pepo gani atajua?

Lakini gizani, taa ikizimwa, hawanipotei.
Mmoja hunyonya kwa kuhesabu, tku, tku, kisha hupumzika.
Mwenzake hunishika kidole kwa ngumi yote
kama anayezuia basi lisiondoke.
Hilo halina uzi, wala halina jina.
Majina ni ya mchana, ya nesi na orodha.

Kumekucha?
Bado. Ongeza kaa moja, mbili.
Yule ameamka.
Si yule.
Huyu.