Thumni

Fundi Shekue ameichomeka diski mpya,
nyepesi kuliko andazi,
akauliza bila kuinua macho:
"Tuigawe mafungu mangapi?"

Boksi linasema elfu moja.
Kioo kinasema mia tisa thelathini na moja.
Nikamkazia macho, kama mwenye nyumba
anavyoutazama mfuko wa saruji uliofunguliwa njiani.
Akacheka: "Hesabu ya kiwandani na hesabu ya humu
hazijawahi kulala kitanda kimoja."

Nje, Barabara ya Kumi na Mbili, baiskeli zinapishana kwa kengele.
Kijana mmoja anataka picha nne za pasipoti, haraka.
Bi arusi anasubiri kadi mia mbili
nilizokosea jina la ukoo wa bwana.
Na diski ya zamani inagonga ndani kwa ndani,
tk, tk,
kama mtu aliyefungiwa stoo.

"Dada. Mangapi?"

Swali hili nimelisikia mara moja tu kabla ya leo,
arubaini ya baba haijapoa,
shehe kaweka kikokotoo juu ya mkeka:
mama, thumni;
wa kiume, mara mbili ya wa kike;
na kaka yangu Kibwana keshatia futi kamba mfukoni.

Nyumba ya vyumba sita haigawiki kwa nane.
Waliigawa.
Ukuta ukapita katikati ya dirisha,
kila upande ukabaki na nondo tatu.
Choo kikaangukia kwa Kibwana,
bomba likaangukia kwangu.
Mwaka wa nne huu tunapigiana hodi,
yeye na ndoo, mimi na haja.

Mama alipoambiwa achague chake
alisema, "Nipeni ukumbi."
"Ukumbi si chumba, mama. Watu watapita."
"Ndiyo maana."

Shekue ananieleza, na anajua anachosema:
mfumo utengwe peke yake,
siku ukiharibika usiondoke na mali za watu.
Kazi ziwe kwao, picha ziwe kwao.
"Ila fikiri kwanza. Ukuta wa humu ukishasimama,
kuusogeza ni kwa dua."

Nafikiri.
Mitihani ya shule tatu za Makorora, haijazi kiganja.
Harusi, ndizo nzito: nyuso elfu na elfu zikicheka,
wengine wameshaachana
na bado nawatunza ubavu kwa ubavu.
Halafu kuna faili moja, megabaiti tisa,
haina folda, si kazi, si picha.
Baba, wiki ya mwisho, homa imempanda,
anadhani yuko mizani shambani,
anasoma uzito wa katani robota kwa robota.
Nilirekodi kwa simu. Sijui kwa nini nilirekodi.

"Mfumo, mia na ishirini," nikasema.
"Kazi na picha zikae pamoja, zimeshazoeana:
mia sita tisini na tano."
"Na hizi mia na kumi na sita?"
"Fungu lake."
"Si ungefanya mia kamili?"
"Mia na kumi na sita."

Akaandika. Akauliza jina.
Nikamwambia, akageuka kunitazama,
kisha akalichapa vilevile, herufi tano.

Umeme ukapepesa. Sote tukashika meza
kana kwamba meza ndiyo yenye umeme.
Ukarudi.
Cha kwanza kuhama ni zile megabaiti tisa,
hata mstari wa kijani haukuwahi kutembea.
"Ifungue," akasema Shekue, "tuone kama imefika nzima."

Robota la arubaini na moja, mia mbili hamsini.
Robota la arubaini na mbili, mia mbili na arubaini na nane,
lirudisheni hilo.

Bi arusi ameacha kulalamika.
Kijana wa pasipoti, nywele bado zina maji ya kitana,
amesogea hadi kizingitini.
"Huyo mzee anapima nini?"

"Katani," nikasema. "Ingia, ukae. Shingo wima."