Makisio ya Ghala la Mazulia

Hopkin alipiga simu saa nne asubuhi,
niko juu ya ngazi nyumbani kwa mama, nabadilisha balbu.
"Delyth? Watu wa bima wanataka cheti cha umeme.
Ghala la mazulia, pale Merthyr. Ni duka tu.
Nipe bei."

Ni duka tu.
Kama mtu akwambie: ni mgonjwa tu, mtibu.

Leseni yangu ina wiki tisa.
Miaka minne nilimbebea Emrys sanduku la vipimo,
nikamshikia tochi, nikaandika namba alizosoma kwa sauti,
lakini bei aliitajia nje, kando ya gari,
amenipa mgongo
kama mtu anayekojoa.

Nilimpigia. Akacheka, akakohoa.
"Usihesabu vyumba, binti. Hesabu saketi.
Na usitaje kitu kabla hujaona."

Nikaenda kuona.
Bodi ya kwanza iko nyuma ya kaunta, imetulia, ina majina:
taa za mbele, soketi za mbele, kengele.
Ya pili iko chini ya ngazi, majina yake ya penseli,
mwandiko wa mtu aliyekwisha kufa.
Ya tatu ina neno moja: USIGUSE.

Usiku, mezani jikoni:
saketi thelathini na nne, robo saa kila moja,
hapana, zile za penseli nusu saa.
Jumapili, maana Hopkin hazimi taa siku ya mauzo.
Dizeli. Mita ya kukodi, yangu bado iko dukani inanisubiri.
Na cheti chenyewe, kurasa kumi na tisa
asizolipia mtu, kwa kuwa hakuna anayeniona nikiziandika,
miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

Ikaja mia nane na arobaini.
Nikaitazama. Ikanitazama.
Nikaandika mia saba.
Nikaosha kikombe, nikarudi,
nikaandika mia sita na hamsini,
kwa sababu yuko jamaa wa Cardiff anayekagua duka zima kwa mia mbili,
anaingia na chai mkononi, anatoka haijapoa,
na saini yake ni nzuri kuliko yangu.

Nani alinipunguzia? Si Hopkin.
Hopkin alikuwa amelala.

Jumapili, saa tisa alasiri, zote thelathini na nne zimepimwa,
nasogeza zulia la kijani lililosimamishwa ukutani,
natafuta tu pa kuegemea,
na nyuma yake mlango, nyuma ya mlango ngazi,
juu ya ngazi ofisi, jiko, choo, hita,
na bodi ya nne,
saketi kumi na mbili,
kifuniko kimefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Aa, huko juu?" akasema Hopkin kwenye simu.
"Huko nimempangisha mhasibu. Si duka hilo."
Lakini umeme wake ulitoka kwenye bodi yangu ya tatu.
USIGUSE.

Fomu ina nafasi ya kuandika: haikukaguliwa.
Ningeandika. Ningekuwa nyumbani kabla ya giza.
Nilikaa kwenye ngazi nikala mkate na jibini
nikimfikiria mhasibu huyo, nisiyemjua hata kwa sura,
anavyowasha hita kila asubuhi kwa mikono iliyolowa mvua.

Nikawasha tochi.

Saketi ya saba haikuwa na waya wa ardhi.
Ilikuwa ya hita.

Nilitoka saa tatu usiku.
Wahenga walisema rahisi ghali,
hawakusema ghali kwa nani.

Hopkin alilipa mia sita na hamsini, siku ileile aliyoahidi,
tena akaniongeza kipande cha zulia, kijani,
cha kutandika ndani ya gari.

Leo kanipigia mama mmoja wa Aberdare, mwenye kiwanda cha biskuti.
"Kiwanda kidogo tu," anasema. "Bei gani?"
Nimesimama mlangoni mwa gari, viatu juu ya ule ukijani.
Namuuliza:
una milango mingapi ambayo huifungui?