Baiti ya 245

Miskolc, Januari, saa tatu usiku.
Kipasha joto kinakohoa chini ya dirisha
na programu yangu imegoma tena,
mstari wa elfu nne mia sita na kumi na mbili:
siwezi kusoma baiti ya 245.
Basi. Hata samahani hakuna.

Hajnalka, bosi wangu, alisema akivaa glavu,
"Iambie ipuuze. Jumatatu tunahamia mfumo mpya."
Yaani funika kombe.
Nikaandika neno moja, puuza,
na faili likateremka kama uji,
wagonjwa elfu tisa bila kikwazo.
Nilikwisha shika koti nilipomwona:
Bodrogi Gyz.

Gyz.
Litamke ukiweza. Mdomo haupati pa kufungukia.
Irabu mbili zimemezwa
na hakuna pengo, hakuna kovu.
Mzee huyu ni Győző. Maana yake Mshindi.

Nikajaribu badili. Penye irabu pakaota
almasi nyeusi yenye swali tumboni:
Gy�z�.
Angalau hii inakiri, hapa palikuwa na kitu.
Nikajaribu jedwali la nchi za magharibi,
akatoka Gyõzõ, kiwimbi kichwani
badala ya mikwaju yake miwili,
Mreno labda, au Mestonia,
amevalishwa kofia ya mwingine kwenye foleni ya nyonga.

Ipo pia njia ya hamali:
usichokijua usikifungue,
kibebe hivyo hivyo mpaka mlango wa kutokea
ukikabidhi kilekile, baiti kwa baiti.
Ni uaminifu, lakini nesi ataita nini?

Nikarudi juu kabisa, rekodi ya kwanza,
ambayo si ya mgonjwa.
Mpiga chapa fulani, mwaka wa tisini na nne,
alikuwa akiijaribu mashine mpya
kwa ule upuuzi tunaoujua sote hapa,
irabu zetu tisa za alama, kila moja mara moja:
keekee ya kutoboa vioo, isiyoogopa mafuriko.
Nikapitisha jedwali la Ulaya ya Kati.
Árvíztűrő tükörfúrógép.
Nzima. Hata mkwaju haukupungua.
Nilicheka peke yangu, ofisini, kama mwizi.

Bodrogi Győző, kesho saa nne, chumba cha sita.

Kabla ya kuzima taa nikafuta puuza,
nikaiacha ile amri kali.
Ikikutana na kisichojulikana,
igome.
Hajnalka atanipigia simu alfajiri. Na apige.