Mgonjwa Namba Saba

Saa nne usiku maktaba ya Chimwaga imebaki na watu watatu:
mimi, mlinzi, na feni inayokwaruza.
Nahesabu. Ndiyo kazi niliyopewa:
makala zote za dunia kuhusu baridi yabisi,
miaka thelathini, nani kaandika, wapi, nani kamnukuu nani.

Dokta Chidawali, msimamizi wangu, hapendi mashairi.
"Nipe mwelekeo, Lechipya. Usinipe huzuni."

Basi mwelekeo ni huu:
mstari unaanza chini kama mbuzi aliyelala,
unasimama, unajinyoosha,
kisha unakimbilia mlimani bila kutazama nyuma.
Maneno nayo yanahama. Zamani waliandika dhahabu,
walidungwa wagonjwa dhahabu, wakaandika steroidi;
sasa wanaandika jeni, molekuli, bakteria wa utumbo.
Neno "maumivu"
limeshuka hadi nafasi ya tisini na moja.

Halafu kuna ramani.
Kila nchi ina duara, na kadiri inavyoandika ndivyo linavyonenepa.
Yapo maduara mapana kama sinia la harusi,
yamefungwa kwa nyuzi nene, hili linalitaja lile, lile linalitaja hili,
kama matajiri wanaoalikana.
Kwetu pana nukta.
Niliifuta kwa kidole nikidhani ni vumbi,
maana Dodoma vumbi husoma kila kitu kabla yetu.
Haikufutika.

Nikaibofya.
Makala moja. Kurasa nne. Wagonjwa kumi na mmoja
wa hospitali moja ya Kanda ya Kati.
Jedwali la pili, mstari wa saba:
mwanamke, miaka arobaini na saba, mkulima wa zabibu.
Ugumu wa viungo asubuhi: zaidi ya saa mbili.
Kufunga kifungo cha nguo: hawezi.

Jumamosi nikashuka Mpunguzi.
Mama alikuwa shambani, mkasi kaufunga kiganjani kwa kipande cha kanga
kwa kuwa vidole vimekataa kazi ya vidole.
Vimelalia upande mmoja, vyote,
kama uwele uliopigwa na upepo.
Mama, uliwahi kupimwa na mtu wa utafiti?
Akacheka. "Yule kijana wa miwani?
Alinishika mikono kutwa nzima kama anayenichumbia.
Akanipa shati la mtoto nilifunge.
Nikamwambia subiri, niko kwenye kifungo cha pili.
Keshaandika."

Yeye hasemi kinga ya mwili imemgeukia mwenyewe.
Anasema: "Mbwa wangu ananing'ata.
Nikimfunga kamba, sawa, silii tena.
Lakini usiku nani atambwekea fisi?"

Nikaukata mkono wangu kwa waya wa mzabibu, nikasingizia waya
kwa kunyamaza kwangu.

"Sasa, walisemaje?"
Nilikuwa na mchoro kwenye simu, wenye rangi sita.
Nilikuwa na idadi ya mara ambazo ile makala imenukuliwa:
mara moja, na mwandishi mwenyewe.
"Walisema," nikamjibu, "utafiti zaidi unahitajika."
Akakata kishada. Kikaanguka ndooni.
"Haya. Na vidonge?"

Vidonge, dirishani waliniambia, wiki ya tatu sasa havijafika.
Nikambebea ndoo hadi barabarani, yeye akitembea mbele,
ameshika kofia kwa viwiko viwili,
akinipa habari za bei ya zabibu, mbaya, na za jirani aliyeoa, mbaya zaidi.

Dokta anataka tasnifu Ijumaa.
Sura ya nne ipo kama alivyoagiza, kavu,
kavu kuliko Julai.
Mstari unapanda. Maduara yameiva.
Nukta yetu nimeiacha ilivyo, sikuinenepesha hata kidogo,
ila chini ya ukurasa, kwa herufi ambazo huenda asizione,
nimeweka tanbihi:

wakati kipimo kinafungwa,
mgonjwa namba saba alikuwa kwenye kifungo cha pili.