Sikio la Ayikoru

Mashine hii nilirithi kwa mjomba Drani
pamoja na deni la dizeli
na spana saba, moja imevunjika jino.
Miaka kumi na tisa nimesimama ubavuni mwake
hapa Oli, nyuma ya soko la Arua,
ikisaga muhogo mkavu, ikisaga mtama,
nisijue kwamba nami nimo kinuni.
Ilianza na sauti za ndege.
Ikafuata kengele ya Ediofe.
Mwisho mke wangu, akiniita kula;
nikadhani amenuna.

Basi nikamfundisha binti.
Alikuwa kimo cha pipa.
Nikampa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma,
mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio.
Funga macho. Inasemaje?
Akakaa. Nikasoma midomo yake:
"Inasema tuku-tuku-tuku, halafu inameza mate."

Inameza mate!
Mimi, fundi wa watu,
sikuwahi kuisikia ikimeza mate.
Tukafungua. Vali imeungua ukingo,
nyeusi kama ukoko wa enyasa.

Gasketi tuliikata kwenye jalada la daftari lake la hesabu.
Mwalimu akamwuliza jalada liko wapi,
akajibu kweli: liko ndani ya injini.
Alisimamishwa juani hadi saa saba.
Mama yake akaenda shuleni na kilo mbili za unga.
Walivyosemezana sikujua,
ila tangu siku ile
mwalimu huleta mtama wake kwetu.

Mama yake ndiye mshonaji wa mkanda.
Hushona kwa sindano ya magunia
na waya wa breki ya baiskeli,
na akimwona mtoto anakaza nati kwa hasira
humshika kiwiko:
taratibu, nati haijakukosea.
Hayo sikuyasikia. Niliyaona, mara nyingi,
kiwiko kikilegea.

Mara moja alinidanganya.
Inasemaje? Nzima, baba.
Macho yalikuwa barabarani,
wenzake wanapita na mpira.
Mashine ikajikaba saa kumi
na unga wa matanga tumboni mwake;
waliokuja kuzika wakala mihogo ya kuchemsha.
Usiku nikiwa chini ya injini, nimelalia gunia,
mkono mdogo ukapenya kwenye mwanga wa tochi
ukanipa kumi na saba.
Sikuwa nimeiomba.
Ndiyo niliyoitaka.
Hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Sasa amefaulu.
Februari atavuka daraja la Pakwach
na godoro jembamba na sanduku la bati,
kucha zake bado zina grisi
ambayo sabuni imeshindwa nayo.
Sikumwuliza nani atanisikilizia.
Mzazi hamfungi mtoto kwa swali la namna hiyo.
Nilinunua godoro.

Lakini jana nilimkuta amepiga magoti
na chaki aliyoitoa sijui darasa gani,
anachora duara juu ya chuma.
Moja kichwani, moja penye nozeli,
moja chini, karibu na mguu wa injini.
Akachukua kiganja changu, akakibandika duara la kwanza
kama nilivyombandika bisibisi zamani.
Akaandika ukutani, herufi kubwa,
maana taa ilikuwa hafifu:
IKITETEMEKA KAMA PAKA, IACHE.
IKIRUKA KAMA MBUZI, ZIMA.
UKIWA HUNA HAKIKA, MWITE MAMA.

Leo asubuhi foleni imefika mlangoni.
Wanawake wananitolea midomo mipana,
beseni vichwani, mmoja anaonyesha jua.
Mkono wangu uko kwenye duara la pili.
Paka, nadhani.
Chaki inanishika vidole, itafutika kabla ya Pasaka.
Nadhani paka.
Subirini kidogo.